Monita ndogo za studio: zinaposema kweli na zinaponyamaza

SWALI: Nina monita za inchi 5 kwenye chumba chenye urefu wa mita 3.6, upana mita 2.9 na dari mita 2.5. Nakaa katikati ya chumba. Wimbo nikiumiksi hapa unasikika safi, lakini kwenye gari kiki (ngoma kubwa ya mguu) na besi vinavuma hadi sauti ya mwimbaji inamezwa. Je, monita zangu ni ndogo mno? Ninunue za inchi 8?

JIBU: Usinunue bado. Monita zako, yaani spika za kufanyia miksi, zina mipaka ya kweli, na nitakuonyesha ilipo kwa takwimu. Lakini kwa vipimo ulivyoandika, tatizo kubwa linaanzia kwenye kiti chako na kuta zako. Ukiziweka monita za inchi 8 mahali hapohapo utapata kosa lilelile, ila kwa kishindo zaidi.

Tuanze na spika yenyewe. Besi ni hewa inayosukumwa, na kiasi cha hewa kinategemea eneo la koni na umbali inaosogea. Kila unaposhuka oktava moja (yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, Hz, ikipungua kwa nusu), koni lazima isogee mara 4 zaidi ili sauti ibaki na nguvu ileile. Wufa (spika ya besi ndani ya boksi) ya inchi 5 ina eneo la sentimita za mraba 90 hivi, na ya inchi 8 karibu 215. Chukua ya inchi 5 inayosogea milimita 5 mbele na milimita 5 nyuma, kwenye boksi lililozibwa, ukiisikiliza kwa mita 1 pasipo kuta. Kwenye Hz 80 inaweza kufikia desibeli 92 hivi. Kwenye Hz 40, kwa mwendo uleule, hesabu inatoa desibeli 80 tu. Ya inchi 8 yenye mwendo huo inaongeza desibeli 7 au 8. Hiyo ndiyo tofauti halisi kati ya saizi hizo mbili: ni kubwa, lakini si ya ajabu, na hakuna tangazo linaloweza kuikwepa. Boksi dogo, besi ya chini na sauti kubwa kwa umeme kidogo: mtengenezaji huchagua viwili kati ya hivyo vitatu.

Wengi huchagua kutoboa boksi na kuweka bomba la hewa. Bomba hutetema kwenye masafa liliyopangiwa, tuseme Hz 50 au 55, na hapo hufanya kazi kubwa kuliko koni. Faida yake ni kwamba spika hushuka chini zaidi kuliko boksi lililozibwa la ukubwa huohuo. Gharama zake ni mbili. Chini ya masafa hayo sauti huporomoka kwa desibeli 24 kila oktava, ilhali boksi lililozibwa hushuka kwa 12. Pia bomba huchelewa kuanza na huchelewa kunyamaza, kwa hiyo kiki fupi inasikika ndefu kuliko ilivyorekodiwa. Ukiipandisha sauti sana, hewa nayo huanza kupuliza kwenye mdomo wa bomba, na watu hudhani kelele hiyo ni uchafu uliomo kwenye rekodi.

Jambo la kuchelewa si dogo. Yamaha NS-10 ilitoka mwaka 1978 kama spika ya nyumbani, ikatapakaa kwenye studio duniani kote, na ilikoma kutengenezwa mwaka 2001. Besi yake ni haba. Lakini boksi lake limezibwa, na vipimo vilivyochapishwa mwaka 2001 na wataalamu wa sauti Philip Newell na Keith Holland vilionyesha kwamba masafa yake ya chini hunyamaza haraka kuliko ya spika nyingi ndogo walizozilinganisha nayo. Fundi anayeitumia anajua kiki inaishia wapi na gitaa la besi linaanzia wapi, hata kama hasikii Hz 40. Kwa kazi ya miksi, kujua wakati kuna thamani kuliko kupata kina kidogo zaidi.

Ukisoma karatasi ya spika, usitazame namba ya chini bila kuuliza imepimwa wapi. Yamaha HS5 ni mfano mzuri kwa sababu kampuni imetoa namba zote mbili: Hz 54 ni pale sauti iliposhuka desibeli 10, na Hz 74 ni pale iliposhuka desibeli 3. HS8, yenye wufa ya inchi 8, ni Hz 38 na Hz 47. Desibeli 10 ni mwanguko mkubwa. Sikio husikia kitu kama nusu ya sauti. Kwa hiyo monita ya inchi 5 iliyoandikwa "kuanzia Hz 54" inaweza kuaminika kuanzia Hz 70 au 75 kwenda juu. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi lenye nyuzi 4 ni Hz 41, na kiini cha kiki nyingi kiko kati ya Hz 50 na 65. Yote hayo yako chini ya mpaka.

Mbona basi unaisikia noti hiyo? Kwa sababu ubongo hujenga upya masafa ya msingi kutokana na yale yanayopanda juu yake: Hz 82, 123, 164 na kuendelea. Unaitambua noti, unaifuata, lakini hujui uzito wake. Huu ndio mtego mkubwa wa monita ndogo. Zinakupa jina la noti bila kiasi chake, nawe unapandisha besi ukitafuta uzito usioweza kutoka. Kabini ya gari, kwa udogo wake, huongeza besi ya chini, na kile ulichokipandisha bila kukisikia kinatokea chote.

Kuna pia monita ndogo zinazopandishwa makusudi kwenye Hz 80 hadi 130 ili zionekane zina besi. BBC walipobuni LS3/5A miaka ya 1970 kwa ajili ya sehemu finyu kama magari ya matangazo, boksi la lita 5 hivi, spika hiyo nayo ilikuwa na mwinuko kidogo kwenye besi ya juu. Kwa kazi ya kusikiliza usemi haikuwa na ubaya. Anayemiksi muziki wenye besi nzito anapaswa kuujua mwinuko huo, la sivyo ataipunguza besi ya juu na kubaki na miksi yenye kifua chembamba.

Zinapofanya vizuri kuliko kubwa

Sasa upande wa pili, kwa sababu watu huziona monita ndogo kama kitu cha kuvumilia tu hadi fedha ipatikane. Si hivyo. Kuanzia Hz 150 hadi juu, monita nzuri ya inchi 5 mara nyingi inashinda ya inchi 8 ya njia mbili (wufa pamoja na twita, spika ndogo ya sauti za juu) kwenye chumba kidogo.

Sababu ya kwanza ni mtawanyiko wa sauti. Koni huanza kuelekeza sauti mbele kama tochi pale urefu wa wimbi unapokaribia kipenyo chake. Kwa wufa ya inchi 5, yenye kipenyo cha kazi cha sentimita 11 hivi, hapo ni karibu na Hz 3,100. Kwa ya inchi 8 ni karibu na Hz 2,080. Krosova (masafa ambapo wufa huiachia twita kazi) za monita za njia mbili huwa kwenye Hz 2,000 hadi 3,000. Wufa kubwa inakaribia krosova ikiwa imeshabana mwale wake, kisha twita inaanza ikiwa imeufungua wazi. Ukikaa sawasawa mbele yake husikii kasoro, lakini sauti inayogonga kuta za pembeni na kurudi kwako ina shimo hapo, tena ni eneo la sauti ya mwimbaji. Wufa ndogo hukabidhi kazi kwa twita kwa ulaini zaidi.

Sababu ya pili ni ukaribu. Kwenye monita ndogo wufa na twita ziko karibu, kwa hiyo sauti zake huungana na kuwa moja hata ukikaa sentimita 80 kutoka kwayo. Monita kubwa inataka umbali, na umbali chumba chako hakina. Unapokaa karibu, sauti inayokujia moja kwa moja huzidi ile iliyorudi kutoka kwenye kuta, na ndipo unaposikia mwangwi uliowekwa na wewe mwenyewe badala ya mwangwi wa chumba. Hukumu kuhusu mahali pa mwimbaji, ukali wa herufi "s", mgongano wa gitaa na kinanda, au ala iliyohama kidogo kushoto hufanyika hapa, na monita ndogo huifanya vizuri sana.

Ya tatu ni kwamba besi haba haikichokozi sana chumba. Katika meta za ujazo 26 ulizo nazo, hilo ni jambo la kushukuru.

Zinapopandishwa sauti

Mpaka wa pili hausemwi sana: ukubwa wa sauti. Koili ya wufa (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) ikipata moto, ukinzani wa shaba hupanda kwa asilimia 0.39 kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ikipanda nyuzi 100, ukinzani umeongezeka kwa karibu asilimia 40 na sauti imeshuka kwa takriban desibeli 3. Monita nyingi za sasa zina limita (kizuizi cha sauti isizidi kiwango) ndani yake, nayo hubana besi kwanza ili kuilinda koni. Matokeo yake, miksi inabadilika umbo kila unapogusa kitasa cha sauti. Isitoshe, koni ileile inayorushwa na besi ndiyo inayobeba sauti ya mwimbaji. Ikisukumwa hadi mwisho wa mwendo wake, sauti hiyo hupata ukungu na ukwaruzo. Usikimbilie kulaumu maikrofoni.

Kuujua mpaka huu ni rahisi. Cheza sehemu ya wimbo yenye besi nyingi kwa sauti yako ya kawaida, kisha ongeza desibeli 6. Kama mwimbaji amekua lakini besi imebaki palepale, limita imeingia kazini. Ukiwa na maikrofoni ya kupimia na programu ya bure ya kupima sauti iitwayo REW, piga swipu (toni inayopanda kutoka masafa ya chini hadi ya juu) mbili zilizopishana desibeli 10 na uzipandanishe. Pale mistari inapopishana kwa chini ya 10, spika imeishiwa nguvu. 

Sauti ya kufanyia kazi katika chumba kama chako ni desibeli 74 hadi 76 kwenye kiti, spika moja moja, kwa pinki noizi (kelele ya majaribio yenye masafa yote) ya wastani wa −20 dBFS, yaani desibeli 20 chini ya kilele cha kidijitali, mita ya sauti ikiwa kwenye kipimo C na mwendo wa polepole. Mita ya kwenye simu si sahihi kwenye besi, lakini inatosha kulinganisha kushoto na kulia. Ukishaipata, weka alama kwenye kitasa na uirudie kila siku, maana sikio lenyewe hupunguza besi sauti inapokuwa ndogo na huiongeza inapokuwa kubwa.

Chumba chako hasa

Kasi ya sauti hewani ni mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya kila kipimo cha chumba, unapata wimbi la kwanza linalosimama kati ya kuta zinazotazamana: Hz 48 kwa urefu, Hz 59 kwa upana, Hz 69 kwa kimo. Kila wimbi la kwanza lina nguvu kubwa ukutani na ni dhaifu kabisa katikati.

Sasa tazama ulipo. Uko katikati ya urefu, na Hz 48 hufa hapo. Uko katikati ya upana, kama inavyotakiwa kwa sterio, na Hz 59 inadhoofika. Masikio ya mtu aliyekaa yako kwenye mita 1.2 hivi, karibu nusu kamili ya dari yako, na Hz 69 nayo inadhoofika. Umekaa mahali ambapo chumba hakikupi msaada wowote kuanzia Hz 48 hadi 69, yaani eneo zima la kiki, tena kwa monita ambazo tayari zinaanguka chini ya Hz 70 au 75. Ndiyo maana unapandisha. Jihakikishie: cheza besi ya Hz 60 kwa sauti ya wastani, ondoka kwenye kiti, inama kwenye kona. Besi utakayoikuta pale ndiyo iliyokuwa inalivuruga gari lako.

Upana huwezi kuubadilisha bila kuharibu sterio, na kimo vivyo hivyo. Urefu unaweza. Geuza meza itazame ukuta mfupi, monita zikiwa karibu na ukuta huo na masikio kwenye asilimia 38 ya urefu, ambayo kwako ni mita 1.37. Ubao wa mbele wa monita ukiwa sentimita 35 hadi 45 kutoka ukutani, na ukajenga pembetatu yenye pande 3 za mita 1, masikio yataangukia mita 1.2 hadi 1.3. Hiyo inatosha. Hakikisha monita zimenyooka wima, twita iko usawa wa sikio. Usizilaze ubavu: wufa na twita zikikaa mlalo, kila unapoinamia upande mmoja zinafutana kwenye krosova na sauti ya kati inabadilika.

Ukaribu na ukuta una sababu nyingine. Besi huzunguka boksi, hugonga ukuta wa nyuma na kurudi ikiwa imechelewa. Umbali kutoka ukutani ukilingana na robo ya wimbi, inafuta ile ya mbele. Kwa mita 1, shimo linakuwa karibu na Hz 86, katikati ya besi. Kwa sentimita 35 linahamia Hz 245, ambako paneli ya kawaida ya kunyonya sauti inaweza kulimeza. Malipo yake ni besi kupanda kwa jumla, na kwa hilo kuna swichi ya kupunguza besi nyuma ya monita nyingi: jaribu desibeli −2, ikibaki nzito weka −4. Kama bomba liko nyuma, acha angalau sentimita 10 ili hewa ipumue. Meza nayo hurudisha sauti, hivyo stendi zilizo nyuma ya meza ni bora kuliko kuziweka juu yake.

Kisha paneli. Sufi ya madini ya unene wa sentimita 10, uzito wa kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo, ikiachiwa nafasi ya sentimita 10 nyuma yake: moja kila ukuta wa pembeni pale sauti inapogonga kwanza, moja juu ya kichwa, na zilizobaki kwenye kona, nene kadiri uwezavyo. Sponji za sentimita 3 hadi 5 ziache. Zinanyonya trebo (sauti za juu) peke yake, chumba kinabaki na besi inayovuma juu ya ukimya, na hukumu yako inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Ikwalaiza (kipandisha na kipunguza masafa) ije mwisho, tena chini ya Hz 300 pekee, na kwa kukata vilele tu. Usijaribu kujaza shimo. Shimo ni wimbi linalojifuta. Ukiongeza desibeli 6 kwenye spika, linalofuta nalo linaongezeka desibeli 6. Koni inasogea mara 2, amplifaya inatoa nguvu mara 4, na kwenye kiti hakuna kilichobadilika. Kwa wufa ya inchi 5 hiyo ni njia ya mkato ya kuifikisha mwisho wa mwendo wake.

Kuhusu Hz 30 hadi 70

Hata baada ya yote hayo, oktava ya chini itahitaji chanzo kingine cha habari. Hedifoni nzuri zilizo wazi nyuma zinatosha kwa kuanzia: zitumie kwa uwiano wa kiki na besi peke yake, urudi kwenye spika kwa mengine. Weka wimbo wa rejea kwenye mradi wako, uushushe hadi LUFS zake (kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika) zilingane na za miksi yako, kisha linganisha zote mbili kwenye spektramu (mchoro wa nguvu ya kila masafa) chini ya Hz 100. Kama wako umezidi kwa desibeli 5 kwenye Hz 50, umeshapata jibu la gari bila kwenda kwenye gari. Kwenye ala zisizo za besi, kata chini ya Hz 80 hadi 100. Kwenye kiki na besi, kata chini ya Hz 25 au 30.

Kama bado utataka kutumia fedha, kwa chumba chako ningechagua sabufa (spika ya besi ya chini pekee) moja kabla ya monita za inchi 8. Sababu ni kwamba sabufa unaweza kuiweka mahali tofauti na monita. Iweke kwenye kiti chako, cheza besi inayopanda na kushuka, tambaa kando ya kuta za mbele ukisikiliza. Pale noti zote zinaposikika sawa ndipo pake. Krosova iwe Hz 80, na hakikisha sauti inayokwenda kwenye monita imekatwa hapo pia, si kwenye sabufa peke yake. Monita zikiondolewa mzigo wa chini, koni zake husogea kidogo, na sauti ya kati huwa safi zaidi kuliko ulivyoizoea. Kusawazisha fezi (yaani mawimbi ya sabufa na ya monita yaende pamoja), cheza toni ya Hz 80 kupitia vyote, geuza polariti ya sabufa (swichi inayopindua wimbi lake), na sogeza kitasa cha fezi hadi toni ipotee kadiri iwezekanavyo. Kisha rudisha polariti. Sauti ya sabufa ishushe hadi usiijue iko upande gani, halafu iache hapo kwa wiki kadhaa kabla ya kuigusa tena.